Umepigwa Kamera Uingereza: Pa Kutoa Pesa na Pa Kuzizuia

Bahasha ya polisi ikiingia mlangoni, usikimbilie kutafuta wakili wala kukopa hela. Tafuta kalamu. Ndani mna karatasi inayosema gari lako limeonekana likienda kasi, pamoja na tarehe, saa, jina la barabara na mwendo uliosomwa na kamera. Pamoja nayo mna fomu inayouliza swali moja: nani alikuwa akiendesha? Una siku 28 za kujibu. Katika mashauri ya mwendo kasi, faini yenyewe haimmalizi mtu. Wengi huumia hapa mwanzoni, kwa kuiweka bahasha juu ya friji wakisubiri mwisho wa mwezi.

Ninayoyasema ni ya England na Wales. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao. Nawafikiria hasa dada na kaka zetu waliokuja kwa viza ya kuhudumia wazee, wanaozunguka nyumba hadi nyumba tangu alfajiri, nusu saa kwa mzee huyu, robo saa kwa yule, na katikati dakika chache za kukimbizana na barabara. Nawafikiria pia wasambaza vifurushi na madereva wa teksi. Kwa watu hawa leseni ndiyo ajira, kwa hiyo hesabu yao haifanani na ya mtu anayetumia gari kwenda dukani Jumamosi.

Kanuni ya kuanzia ni hii: linda pointi kabla ya kulinda pesa. Faini unailipa mara moja. Pointi zinakaa kwenye leseni miaka 4 tangu siku ya kosa, na kampuni za bima zinaweza kukuuliza habari zake hadi miaka 5.

Kwanza tuone watu wetu wananaswa wapi. Vibao vya Uingereza ni vya maili, si kilomita. Ishirini ni kama kilomita 32 kwa saa, thelathini ni kama 48. Mtu aliyezoea hamsini ya Dar es Salaam au Nairobi akiingia mtaa wa ishirini huona gari limesimama. Barabara yenye nguzo za taa za mtaani na isiyo na kibao chochote, kwa England, ni ya maili 30. Kwa Wales, tangu tarehe 17 Septemba 2023, barabara ya namna hiyo ni ya maili 20. Ukihamishiwa zamu upande wa pili wa mpaka, sheria imebadilika na hakuna atakayekukumbusha.

Sasa fomu. Barua ya kwanza inatakiwa imfikie mwenye gari aliyesajiliwa ndani ya siku 14 tangu kosa. Ikichelewa bila sababu ya msingi, shtaka la mwendo linaweza kuanguka. Usishangilie mapema, kwa sababu hata hivyo fomu lazima uijibu. Tena kama gari ni la kampuni au la kukodi, barua ya kwanza ilikwenda kwao. Yako inaweza kufika wiki kadhaa baadaye na bado ikawa halali. Kampuni nyingi za kukodisha magari zitakutoza ada ya kutaja jina lako kwa polisi. Imo kwenye mkataba, kwenye yale maandishi madogo, na hailipii faini hata senti.

Kutokujibu fomu ni kosa lake lenyewe, lenye pointi 6 na faini inayoweza kufika pauni 1,000. Linaandikwa kwenye leseni kwa namba MS90, na kampuni za bima huiogopa namba hiyo kuliko ya mwendo kasi wa kawaida. Yaani kosa ambalo lingekwisha kwa pauni 100 na pointi 3, au bila pointi kabisa, umeligeuza kuwa pointi 6 kwa kunyamaza. Hakuna chaguo baya kuliko hili katika shauri zima. Ijibu fomu, ipige picha, itume kwa posta inayotoa risiti.

Na asikudanganye mtu kuhusu kubebeana pointi. Mwenye leseni safi anajitolea kusema alikuwa yeye, au rafiki anataka umchukulie zake kwa malipo kidogo. Huko ni kupotosha haki, kosa la jinai linalopeleka watu jela. Chris Huhne, aliyekuwa waziri katika serikali ya Uingereza, na Vicky Pryce, aliyekuwa mkewe, walihukumiwa miezi 8 kila mmoja mwezi Machi 2013 kwa sababu mke alichukua pointi za mume za mwaka 2003. Miaka kumi ilikuwa imepita. Kwa mtu wa viza, kifungo cha namna hiyo kinaweza kumaliza na safari yenyewe ya kuishi Uingereza.

Ukishajitaja kuwa ndiye dereva, kinachofuata kinategemea ulizidisha kiasi gani. Miongozo ya polisi inakwenda hivi kwa barabara ya maili 30: mwendo wa 35 hadi 42 kwa kawaida huletewa kozi (mafunzo ya mwendo salama badala ya faini na pointi), 43 hadi 49 ni pauni 100 na pointi 3, 50 na kuendelea ni mahakamani. Barabara ya 20: kozi kwa 24 hadi 31, mahakama kuanzia 35. Barabara kuu ya 70: kozi kwa 79 hadi 86, mahakama kuanzia 96. Hii ni miongozo, si ahadi. Kisheria, maili 31 kwenye barabara ya 30 ni kosa tayari.

Ukiletewa kozi, ichukue. Sina sababu ya kuzungukazunguka hapa. Bei yake inapangwa na mtoa kozi na kwa kawaida inakaribiana na ile faini ya pauni 100, mara nyingi chini kidogo. Hupati pointi hata moja. Kozi ya mtandaoni inachukua karibu saa 3. Hulazimiki kufanya na mtoa kozi wa eneo ulikokamatwa, kwa hiyo linganisha bei za mikoa mbalimbali kabla ya kulipa. Tofauti ya pauni kumi au kumi na tano ni ya kawaida. Kigezo ni kwamba uwe hujafanya kozi kama hiyo kwa kosa lililotokea ndani ya miaka 3 iliyopita.

Gharama zake zilizojificha ziko kwenye muda. Ukibadilisha siku uliyopanga, wengi hutoza ada. Ukichelewa kuingia, mlango umefungwa na huenda ukalipa upya. Wanataka kukuona kwenye kamera wakati wote, peke yako chumbani, na kitambulisho mkononi. Kufanya ukiwa ndani ya gari kati ya mzee mmoja na mwingine hakukubaliki. Kwa anayelipwa kwa saa, saa 3 ni kama pauni 40 ambazo hazikuingia, basi tafuta kozi ya jioni au ya Jumapili. Kama unaishi nyumba ya kuchangia, zungumza na wenzako mapema, na hakikisha intaneti inahimili. Usipomaliza kozi hadi tarehe uliyopewa, shauri linarudi kwenye mashtaka.

Linganisha na njia ya pili, pauni 100 na pointi 3. Kwa macho ya haraka bei ni ileile, na hapo ndipo watu huteleza: wanaona kozi inapoteza nusu siku, wanalipa faini kwa simu wakiwa kituo cha basi, wamemaliza. Lakini tuseme bima yako inapanda kwa pauni 80 tu kwa mwaka, na unaulizwa kwa miaka 5. Hiyo ni pauni 400 juu ya ile 100. Kwa dereva mgeni, ambaye bima yake ni ghali tangu mwanzo, ongezeko linaweza kuwa kubwa zaidi ya hilo. Saa 3 za kozi zinakuwa zimekulipa vizuri kuliko zamu yoyote. Baadhi ya kampuni za bima huuliza pia kama umewahi kufanya kozi. Ukiulizwa, sema kweli, kwa sababu bima iliyopatikana kwa uongo ni kama haipo siku ya ajali.

Ukiwa nje ya kiwango cha kozi, basi hizo pauni 100 zilipe ndani ya siku ulizopewa. Hazilipwi kwa mafungu, kwa hiyo hapa kama ni kukopa kwa ndugu, kopa. Ukizipuuza, jambo linakwenda mahakamani na hesabu inabadilika: faini sasa inapimwa kwa kipato chako cha wiki. Mwendo wa maili 36 kwenye 30 uko daraja la chini, yaani nusu ya kipato cha wiki. Anayepokea pauni 450 kwa wiki baada ya makato anaanzia 225. Akikiri mapema anapunguziwa theluthi, inabaki 150. Juu yake kuna tozo ya waathirika wa uhalifu, asilimia 40 ya faini, yaani 60. Kisha gharama za upande wa mashtaka, mara nyingi karibu 100. Jumla kama 310, na pointi ni zilezile 3.

Wanaotakiwa kukaa chini na kufikiri sana ni madereva wapya, na hapa wengi wetu hawajui kwamba wao ni wapya. Umeendesha Mombasa miaka 15, hujawahi kugusa hata mti. Ukafaulu mtihani wa Uingereza mwaka jana. Kwa sheria ya mwaka 1995 wewe ni dereva mpya, na kwa miaka 2 tangu ulipofaulu, pointi 6 zinatosha kuifuta leseni yako. Miaka ya nyumbani haihesabiwi. Pointi 3 ulizopata ukiwa bado na leseni ya mwanafunzi, kama hazijaisha muda, zinakufuata. Ukiongeza 3 nyingine baada ya kufaulu, umefika.

Leseni ikifutwa unaanza upya: leseni ya mwanafunzi pauni 34 kwa mtandao, mtihani wa nadharia 23, mtihani wa barabarani 62 siku za kazi. Pauni 119, ukifaulu vyote mara ya kwanza. Lakini foleni ya mtihani wa barabarani katika maeneo mengi ni ya miezi, na kwa miezi hiyo huwezi kuendesha bila msimamizi kando. Mwajiri wa huduma za nyumbani atakuvumilia kwa muda gani? Na pointi hazifutiki kwa kurudia mtihani. Kwa hiyo dereva mpya asiikatae kozi hata kama inamgharimu zamu mbili, na MS90 kwake ni kujipalia makaa.

Neno kwa anayeendesha kwa leseni ya nyumbani. Inaruhusiwa miezi 12 tangu uwe mkazi. Leseni za Kenya, Tanzania na Uganda hazibadilishwi kuwa za Uingereza bila mtihani. Ukifikiri kuwa zenyewe hazina pa kuandika pointi, umekosea: DVLA, mamlaka ya leseni za udereva, hukufungulia rekodi, na pointi zinakungoja humo. Baada ya miezi 12 kosa linakuwa kubwa zaidi, kwa kuwa huna leseni na huenda bima haifanyi kazi. Kuendesha bila bima peke yake ni pauni 300 na pointi 6.

Tukiingia kwenye mwendo mzito, wa moja kwa moja mahakamani, mfano ni maili 52 kwenye barabara ya 30. Hilo ni daraja la juu kabisa: mara moja na nusu ya kipato cha wiki, pamoja na pointi 6 au kufungiwa leseni siku 7 hadi 56. Kwa yule wa pauni 450, faini ni 675, akikiri mapema, 450, tozo 180, gharama karibu 100. Jumla kama 730. Akikana akashindwa, anapoteza punguzo, na gharama za mashtaka zinakuwa mara kadhaa ya zile za aliyekiri, hivyo jumla huvuka 1,000 kwa urahisi. Kikomo cha faini yenyewe ni 1,000, au 2,500 kwenye barabara kuu za motokaa.

Hati ya mashtaka inayokuja kwa posta inakupa siku 21, na ndani yake mna fomu ya kipato. Ijaze kwa ukamilifu: unachopokea baada ya kodi, kodi ya nyumba, watoto, pesa unazotuma kwa wazazi. Usipoijaza, mahakama inakisia, na makisio yanaweza kuzidi mshahara wako halisi. Kuijaza ni bure na kunaweza kuokoa pauni mia kadhaa. Faini ya mahakama, tofauti na ile 100, unaweza kuomba kuilipa kwa mafungu. Omba mapema, kabla hujachelewa hata fungu moja.

Pointi 6 au kufungiwa siku 28, lipi nafuu? Mahakama haikupi vyote viwili kwa kosa hilo moja. Mwenye leseni safi ya miaka mingi na anayehitaji gari kila siku, bora pointi. Mwenye pointi 6 tayari, sita nyingine zinamfikisha 12 ndani ya miaka 3, na hapo ni kufungiwa miezi 6 kwa uchache. Kwake kufungiwa wiki chache, akachukua likizo yake humo, ni nafuu kubwa. Dereva mpya naye angependa kufungiwa ili asifutiwe leseni, na anaweza kuomba. Ajue tu kwamba miongozo ya mahakama inasema kwa kawaida ombi hilo halifai, kwa sababu linakwepa sheria ya madereva wapya. Kufungiwa kukifika siku 56, utalazimika kuomba leseni upya, na bima itakuuliza vilevile.

Kuhusu mawakili, nitasema wazi: kwa kosa la kawaida ulilolifanya kweli, wakili hakuongezei kitu. Ada zao huanzia mamia ya pauni na wengine huvuka 1,000. Bei wanayotangaza mara nyingi haijajumuisha kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 20, wala nauli ya kufika mahakamani, wala siku ya pili kesi ikiahirishwa. Uliza yote manne kabla ya kutoa kadi: kodi, nauli, kuahirishwa, na nani hasa atasimama mahakamani. Anayekuhakikishia ushindi kwa simu kabla hajaona karatasi, achana naye.

Pesa ya wakili inastahili pale pointi 12 zinapokaribia, au pale una utetezi wa kweli: kibao hakikuwepo, gari si lako, namba imeghushiwa. Ukifika 12 unaweza kuiomba mahakama isikufungie kwa sababu ya madhara yasiyo ya kawaida. Kupoteza kazi peke yake kwa kawaida hakutoshi. Kinachosikilizwa zaidi ni madhara kwa wengine: mzee asiyefikiwa na basi ambaye atakosa dawa zake, mtoto mgonjwa anayepelekwa hospitali kwa gari hilo. Barua ya mwajiri inayotaja njia, saa na idadi ya wagonjwa ina uzito kuliko machozi. Sababu hizohizo huwezi kuzitumia tena ndani ya miaka 3, basi usizichome kwa jambo dogo.

Kabla ya kulipa wakili, nenda shirika la ushauri la Citizens Advice au kituo cha sheria cha mtaani. Ushauri wao ni bure. Usitegemee mawakili wa zamu mahakamani, kwa sababu mwendo kasi si kosa la kifungo na kwa kawaida hawalishiki. Picha za kamera nazo unaweza kuziomba polisi bila malipo ili kumtambua dereva, lakini kuziomba hakusimamishi zile siku 28.

Viza nayo ina bei yake. Faini ya pauni 100 iliyolipwa kwa wakati si hukumu ya jinai. Iliyofika mahakamani ni hukumu, na fomu za ukazi na uraia huuliza hukumu zote, za barabarani zikiwemo. Itaje. Kinachowaponza waombaji mara nyingi ni kuificha.

Mwisho ni anwani. Watu wetu wanahama sana: chumba Leicester, miezi mitatu baadaye Coventry, kisha kwa binamu Reading. Barua ya polisi inakwenda kwenye anwani iliyoandikwa kwenye hati ya gari, na mwenzako wa zamani anaitupa pamoja na matangazo ya piza. Unakuja kushtuka mahakama imekwishakuhukumu bila wewe, pointi 6 zimo kwenye leseni, na wakusanya madeni wanagonga wakiongeza ada zao juu ya faini. Kubadilisha anwani kwenye leseni na kwenye hati ya gari ni bure, na ni vitu viwili tofauti. Kubadilisha kimoja hakubadilishi kingine. Kuacha kubadilisha kunaweza kukugharimu faini ya hadi pauni 1,000.

Likikukuta hilo, usilipe kwa woga. Ndani ya siku 21 tangu ulipoijua hukumu, piga simu mahakama iliyokuhukumu na uombe kula kiapo kwamba hukuwa na habari ya kesi. Mbele ya mahakama kiapo hicho hakilipiwi. Kikikubaliwa, hukumu inafutwa na shauri linaanza upya. Nenda na mkataba wa nyumba, bili, au barua ya mwajiri inayoonyesha ulikuwa unaishi wapi siku hizo, na uwe tayari kusema siku hiyohiyo nani alikuwa akiendesha.